Toti Mbili na Ndimu Moja: Nilichojifunza Kaunta na Hesabu Niliyoisahau

Likizo ndefu ya mwaka wa pili sikurudi nyumbani Moshi. Bumu lilikuwa limekata tangu wiki ya UE, ada ya mwaka unaofuata ilikuwa bado na pengo, na binamu yangu akaniunganishia kazi ya miezi mitatu kwenye hoteli moja ndogo ya Arusha, zile ambazo watalii hulala usiku mmoja kabla ya kwenda mbugani. Nilianza jikoni, kuosha vyombo. Wiki ya pili wakanihamishia kaunta kwa sababu eti nazungumza Kiingereza vizuri. Mama nilimwambia niko mapokezi. Mama, kama jarida hili limekufikia, shikamoo, na naomba radhi.

Mkubwa wa kaunta alikuwa kaka mmoja mtu mzima, aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Alipojua nasoma ualimu wa kemia na baiolojia hakuniita tena kwa jina langu. "Mwalimu, leta barafu." "Mwalimu, futa hizo glasi." Mimi nilimwita kaka, na chochote ninachojua kuhusu vinywaji nimekitoa kwake.

Jioni moja akaja mgeni kutoka Marekani, mama wa makamo. Akaomba wiski ya burboni iliyochanganywa na bia ya tangawizi, ndimu, na kama ipo, sirapu ya mepo badala ya sukari. Kaka alikuwa stoo. Mimi nilisikia neno "bia", nikafungua bia. Nikamimina wiski, nikajazia bia ya kawaida, nikakuna tangawizi mbichi juu yake kama mtu anayeunga mchuzi. Kaka aliporudi akaitazama ile glasi, akaimwaga kimya kimya, akamwomba mgeni dakika tano. Kisha akaniambia, "Mwalimu, sogea hapa. Leo wewe ndiye mwanafunzi."

Makala hii ni somo lile, pamoja na sehemu ambayo kaka hakunifundisha kwa sababu alidhani naijua. Simshawishi mtu anywe. Wengi wetu hapa chuoni hatunywi, kwa dini au kwa hiari, na mwishoni kuna namna ya kutengeneza kinywaji hiki bila pombe kabisa. Lakini tusidanganyane, wapo wanaokunywa, na wengi wao wanachanganya bila kujua wanachokichanganya. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Ukoo wa kinywaji hiki

Kokteli ya pombe kali, ndimu na bia ya tangawizi ina ukoo wake. Mkubwa wa ukoo ni Moscow Mule, iliyovuma Marekani kuanzia miaka ya 1940. Ukisikia Moscow utadhani imetoka Urusi, kumbe Urusi ilichangia jina la vodka tu. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba mwaka 1941 John G. Martin, mfanyabiashara aliyekuwa na haki ya kuuza vodka ya Smirnoff, alikutana na Jack Morgan, mwenye baa ya Cock 'n' Bull huko Los Angeles. Mmoja alikuwa na vodka ambayo Wamarekani hawaitaki, mwingine alikuwa na bia ya tangawizi isiyonunuliwa. Wakaziunganisha. Wapo watu wengine wanaodai kuwa wao ndio walioanza, lakini biashara ya Martin na Morgan ndiyo iliyokieneza kinywaji.

Neno lenyewe ni nyumbu, yule mnyama wa punda na farasi ambaye wazee wa pwani humwita baghala, si nyumbu wetu wa Serengeti. Jina linasemekana kutokana na ukali wa tangawizi, kwamba kinywaji kinapiga teke. Ukitoa vodka ukaweka burboni, unapata Kentucky Mule. Ukiongeza sirapu ya mepo unapata alichokuwa anakitaka yule mama.

Burboni

Kila burboni ni wiski, ila si kila wiski ni burboni. Sheria za Marekani zimeweka masharti. Lazima itengenezwe Marekani. Nafaka zake lazima ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Lazima ikae ndani ya chombo kipya cha mti wa mwaloni, kwa kawaida pipa, kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa. Ikikenekwa isizidi asilimia 80 ya pombe, ikiingia kwenye pipa isizidi asilimia 62.5, na ikifungwa kwenye chupa isipungue asilimia 40. Hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitambua rasmi kuwa burboni ni bidhaa ya nchi hiyo.

Kwa mwanafunzi wa kemia, pipa ndiyo sehemu tamu. Pombe inapotoka kwenye mtambo haina rangi, ni nyeupe kama maji. Rangi yote ya kahawia unayoiona kwenye chupa imetoka kwenye mti. Moto unapochoma mbao unavunja sukari zilizofungwa humo na kuzigeuza karameli, na unazalisha vanilini, ile kemikali inayotoa harufu ya vanila. Majira yanapobadilika kimiminika kinaingia na kutoka kwenye mbao na kubeba vitu hivyo. Pipa likishatumika mara moja haliruhusiwi kutengenezea burboni nyingine, hivyo mapipa mengi huuzwa nje, Scotland ikiwa mnunuzi mkubwa.

Kaka aliniambia ninuse kabla ya kuchanganya. Nikanusa nikasema, "Inanukia keki." Akacheka. Lakini ndiyo hivyo: utamu wa mahindi, karameli na vanila. Ndiyo sababu inakubaliana na mepo na tangawizi kuliko vodka, ambayo karibu haina harufu.

Mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Bibi yangu Moshi alikuwa anapika mbege. Ndizi zilizoiva zinachemshwa na kuachwa siku kadhaa, halafu zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kila mahali watu wametumia walichonacho: Kentucky mahindi, Kilimanjaro ndizi na ulezi. Tofauti kubwa ni kwamba mbege inaishia kwenye kuchacha, ila burboni inakwenda hatua moja mbele, inachemshwa na mvuke wake kukusanywa. Hatua hiyo moja ndiyo inayoondoa maji na kuacha pombe kali. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Bia ya tangawizi ambayo si bia

Kosa langu la jioni ile lina historia. Bia ya tangawizi ilianza Uingereza katikati ya karne ya 18, na wakati huo ilikuwa bia kweli: tangawizi, sukari na maji vilichachushwa vikapata gesi na pombe kidogo. Kilichochachusha ni madonge fulani meupe ambayo watu waligawiana majumbani. Mwanabotania Mwingereza Harry Marshall Ward aliyachunguza na kuandika mwaka 1892 kwamba ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Siku hizi bia nyingi za tangawizi madukani ni soda tu, gesi yake imepulizwa kiwandani na haina pombe. Jina la bia limebaki.

Kwetu anayejulikana zaidi ni Stoney Tangawizi, na kaka aliitumia siku zote. Zingatia jambo moja: soda hizi zina sukari ya kutosha, kwa hiyo kiasi cha sirapu kipungue. Kama unataka ukali zaidi, kuna tangawizi mbichi ndani yake kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ponda kwenye glasi kabla ya kumimina kitu kingine. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo sababu unga wa tangawizi unawasha kooni kwa namna yake.

Ndimu, si limau

Sokoni tunazichanganya lakini ni matunda mawili. Ndimu ni lile dogo la kijani lenye ganda jembamba, limau ni kubwa, la njano na chachu yake ni pole. Kokteli hii inataka ndimu. Kamua muda huohuo unapochanganya, maana juisi iliyolala inapoteza harufu na kuwa na uchungu. Kabla ya kukata, iviringishe ndimu juu ya meza kwa kiganja ukiibana. Vifuko vya maji ndani vinapasuka na inatoa juisi zaidi.

Hapa niongeze kuhusu vikombe vya shaba. Kwenye picha utaona vinywaji vya ukoo huu vimewekwa kwenye vikombe vya shaba vinavyong'aa. Juisi ya ndimu ina pH ya 2 hivi, ni asidi kweli, na asidi inayeyusha shaba. Kanuni za chakula za mamlaka ya FDA ya Marekani zinakataza shaba tupu kugusana na chakula chenye pH iliyo chini ya 6. Vikombe salama vina utando wa chuma kingine ndani. Ukikuta cha shaba tupu kiache kiwe pambo. Glasi ya kawaida inatosha.

Maji ya mti

Sirapu ya mepo inatoka kwenye mti, hasa mepo wa sukari unaoota kaskazini mashariki mwa Marekani na kusini mashariki mwa Kanada. Wenyeji wa asili wa huko ndio walioanza kuitengeneza kabla ya Wazungu kufika. Leo jimbo la Quebec, Kanada, linaongoza duniani kwa uzalishaji.

Wanagema mti, kama Pemba wanavyogema mnazi na Iringa wanavyogema ulanzi kwenye mianzi. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku barafu na mchana jua kidogo, mgandamizo ndani ya mti unasukuma maji kutoka kwenye tundu lililotobolewa. Maji hayo ni meupe na yana sukari asilimia 2 hivi tu. Yanachemshwa mpaka sukari ifike asilimia 66 hivi. Inahitajika takribani lita 40 za maji ya mti kupata lita 1 ya sirapu, na sasa unajua kwa nini bei yake kwenye supamaketi inatisha.

Hotelini tulikuwa nayo kwa ajili ya pankeki za asubuhi. Wewe si lazima uinunue. Asali ya Tabora inafanya kazi nzuri, ladha itakuwa nyingine lakini si mbaya. Changanya asali na maji ya moto kidogo kwanza, vijiko viwili kwa kimoja, vinginevyo ikikutana na barafu inaganda chini ya glasi na unakunywa uchachu juu, utamu chini.

Namna ya kuchanganya

Kwa glasi moja:

- Burboni mililita 60, yaani toti mbili za mililita 30
- Juisi ya ndimu mililita 15, yaani ndimu moja ndogo
- Sirapu ya mepo mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai
- Soda ya tangawizi mililita 120, iliyotoka kwenye friji
- Barafu ya kujaza glasi

Jaza glasi ndefu barafu mpaka juu. Usiogope, barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko barafu chache, kwa sababu vipande vinapoozana. Mimina burboni, ndimu na sirapu. Koroga vizuri, sekunde kumi na tano hivi, mpaka sirapu isionekane chini. Soda iwe ya mwisho. Imimine polepole ukiinamisha glasi, kisha pitisha kijiko mara moja tu kutoka chini kwenda juu.

Soda inatoka mwisho na ikiwa baridi kwa sababu gesi ya kaboni dioksidi hukaa vizuri kwenye maji baridi na hukimbia kwenye maji ya moto. Ukikoroga sana unaifukuza. Ukitikisa chombo kilichofungwa chenye soda ndani utafuta dari.

Baada ya hapo onja kwa mrija. Ikiwa chachu mno ongeza sirapu nusu kijiko. Ikiwa tamu mno, matone ya ndimu. Kaka alikuwa anasema, "Kila kimoja kinamfunika mwenzake, mwalimu." Sukari inafunika uchachu, uchachu unafunika sukari, tangawizi inafunika pombe. Ikitoka sawasawa, pombe huisikii. Yule mama wa Kimarekani alikunywa moja, taratibu, kwa saa nzima, akashukuru, akaenda kulala.

Kaka hakumimina hata siku moja kwa macho. Alikuwa na kipimo cha chuma chenye midomo miwili, upande mmoja mililita 30 na upande wa pili 60. Mimi nilidhani ni ubahili wa hoteli.

Hesabu

Chukua daftari. Ili kujua pombe halisi iliyomo, zidisha ujazo kwa asilimia.

Mililita 60 mara asilimia 40 ni mililita 24 za pombe halisi. Kinywaji kizima ni mililita 205, ukiongeza barafu iliyoyeyuka fanya 240. Kwa hiyo glasi ina nguvu ya asilimia 10. Linganisha na bia ya nusu lita yenye asilimia 5, hiyo ina mililita 25. Glasi moja ndogo tamu ni sawa na bia moja kubwa.

Mililita moja ya pombe ina uzito wa gramu 0.79 hivi, hivyo mililita 24 ni gramu 19. Ini la mtu mzima husafisha kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Glasi moja inahitaji saa mbili hadi tatu. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Maziwa, ukwaju, supu ya makongoro, vyote havibadilishi mwendo wa ini. Kinywaji cha kuongeza nguvu ndicho kibaya zaidi, maana kafeini inaondoa usingizi bila kuondoa ulevi. Mtu anajiona yuko fiti wakati hayuko.

Ndoo

Tuliporudi chuoni kuanza mwaka wa tatu, habari kwamba nimefanya kazi kaunta zilinitangulia. Ikaja bethdei ya mwenzetu, kwenye geto nje ya kampasi. Watu wakachanga. Wakanunua chupa mbili za spiriti za mililita 750, asilimia 40, na soda za tangawizi, ndimu na asali. Wakaniletea ndoo mpya ya plastiki. "Mtaalamu, tuonyeshe."

Kipimo sikuwa nacho, na kwa kweli sikukitafuta. Nilimwaga chupa zote mbili, nikamwaga soda, nikakamua ndimu, nikatia asali. Nikaonja. Nikaongeza asali. Nikaonja tena. Nilikuwa najali kitu kimoja tu, isiwe na ladha ya pombe, na nikafanikiwa. Nilisifiwa sana usiku ule. Tuliteka kwa vikombe vya plastiki.

Mwenzetu mmoja, binti mwembamba ambaye kwa kawaida hanywi zaidi ya bia moja, alikunywa vikombe vinne ndani ya saa moja na nusu. Aliona ni juisi. Saa tano usiku akalala kwenye godoro. Mtu akasema mwacheni apumzike, kazima tu. Mimi nikakubali, nikaendelea na muziki. Dada mmoja anayesoma uuguzi alipokwenda kumfunika kanga akakuta ametapika akiwa amelala chali, na hata alipombana kidole hakuamka. Tukambeba kwenye bajaji. Zahanati ya kwanza ikatuambia twende hospitali. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka alfajiri, nikiwaza nitampigia simu mama yake na kumwambia nini.

Aliamka saa nne asubuhi na dripu mkononi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Shoga, mbona haikuwa na ladha ya pombe?"

Nilipofika chumbani ndipo nilipochukua daftari. Chupa mbili ni mililita 1,500, pombe halisi 600. Ndoo nzima ilikuwa kama lita 4 na nusu. Kikombe chetu ni mililita 300, kwa hiyo kila kikombe kilibeba mililita 40 za pombe halisi, zaidi ya bia moja na nusu. Vikombe vinne ni mililita 160, sawa na bia sita na zaidi, gramu 126. Kwa ini linalosafisha gramu 10 kwa saa, hizo ni saa kumi na mbili na nusu. Kwa linalosafisha gramu 7 ni saa kumi na nane. Yeye alizimaliza kwa saa moja na nusu.

Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Nilikuwa naijua, na ujuzi wa kuchanganya nilikuwa nao. Niliutumia wa pili kuficha wa kwanza. Tulikuwa sekondari wakati serikali inapiga marufuku pombe za viroba mwaka 2017, na nakumbuka tulivyosema ni pombe za watu wasiojielewa. Mimi nilitengeneza kiroba cha lita 4 na nusu nikakitia asali.

Mtu akizima

Hili likate ulibandike ukutani kama utaona vyema.

Usimwache peke yake alale. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala, hivyo anaweza kuwa mbaya zaidi kuliko alivyo sasa. Mlaze kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo, ili akitapika yatoke nje yasiingie kwenye mapafu. Usimtapishe kwa kidole. Usimpe kitu mdomoni. Usimwogeshe maji baridi, mwili wake tayari unapoteza joto, mfunike.

Mpeleke hospitali mara moja kama haamki ukimwita na kumfinya, kama anapumua chini ya mara nane kwa dakika au anakaa zaidi ya sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, kama midomo, fizi au kucha zimebadilika rangi, au kama mwili ni wa baridi. Hapo usisubiri wengi wakubali. Ukiogopa utaonekana unaharibu sherehe, acha iharibike.

Ya bila pombe

Chukua tangawizi mbichi gramu 100, ikune, chemsha na maji nusu lita na sukari nusu kikombe kwa dakika 15. Acha ipoe, chuja, weka kwenye friji. Glasi ikijaa barafu weka mililita 60 za maji hayo, ndimu mililita 15, kijiko cha chai cha asali iliyoyeyushwa, kisha maji ya soda baridi mililita 120. Inawasha vizuri na gharama yake mnagawana bila kusubiri bumu. Ila usijaribu kuitia hamira na kuifunga kwenye chupa ya kioo ili ipate gesi yenyewe. Gesi ikizidi, chupa inapasuka kama bomu.

Mwenzetu yule alikosa test moja na akairudia. Bado tunakaa meza moja maktaba, na wazazi wake walijua, alitaka yeye mwenyewe wajue. Mimi nimenunua kipimo cha chuma chenye midomo miwili. Mwezi uliopita kulikuwa na sherehe nyingine wakaniita tena. Nilikwenda nacho, nikawaambia mapema kwamba ndoo sitaki kuiona, na kila glasi nitakayotoa itapitia kwenye kipimo. Wawili walinuna. Wengine wakapanga foleni.